Mama Mkwe Aliiletea Gari Viatu

Wiki tatu kabla ya zawadi ile kufika, mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani kwamba sikuwa najua vitu vya gari. Nilijua. Ujinga wangu ulikuwa mahali pengine.

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Kasongo, na nina jeep moja kuukuu niliyoinunua kwa mfanyabiashara aliyechoka nayo. Wakati wa likizo napakia watu na magunia kwenda Kabambare, zile siku ambazo barabara inakubali. Siku ambazo haikubali, wenye pikipiki hutupita wakitupungia mkono, nasi tumekaa kwenye matope hadi milangoni. Mwaka huo fre zilikuwa zimekufa. Fre ndilo jina letu la breki. Nikikanyaga, nilihesabu moja, mbili, tatu, ndipo gari ikumbuke kwamba imeambiwa kitu. Mipira ya nyuma, yaani matairi, nayo ilikuwa laini kama kichwa cha mzee.

Fundi wangu ana uwanja wake karibu na soko, mtu wa maneno machache na mikono myeusi. Ndiye aliyenifundisha kuchagua. Aliniambia kuna kitu cha origine, kilichotengenezwa na waliounda gari yenyewe, hicho sisi tunakiona kwenye picha. Kuna adaptable, kilichotengenezwa na watu wengine ili kiingie mahali pale pale, na humo mna kizuri na mna takataka. Na kuna occasion, kilichotolewa kwenye gari nyingine.

"Bei ya chini haiko zambi, mwalimu," alisema. "Zambi ni kununua bila kushika."

Basi tukashika. Kwa garnitire, zile ngozi ngumu zinazobana ndani ya gurudumu ili gari isimame, alikwaruza kwa ncha ya kisu. Nzuri inakupa mstari mwembamba tu, mbaya inamwaga unga. Kwa mipira alinionyesha tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka mpira ulipozaliwa, maana mpira unazeeka hata kama umelala dukani haujatembea. Kwa mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kindu tulipata garnitire za adaptable ambazo kisu kilishindwa nazo, na mipira miwili ya occasion yenye mifereji bado mirefu. Fundi akaniwekea vyote kwenye ghala lake chini ya gunia, akingoja mshahara wangu.

Mshahara ulichelewa, kama kawaida yake. Mama mkwe akafika kwanza.

Anakaa Salamabila, anauza samaki wakavu na vitenge kwa wachimba dhahabu, na kila baada ya miezi michache huenda mwenyewe hadi Bukavu kununua mali. Mwaka uliotangulia alikuwa ameumwa sana Kabambare, nami nikamleta kwa jeep mpaka hospitali ya Kasongo. Alipona, na hakusahau. Siku hiyo aliingia uani kwetu kwa pikipiki, na nyuma yake pikipiki ya pili, dereva wake amevaa mipira miwili shingoni, na mingine miwili imefungwa nyuma, hata huoni uso wala mgongo. Shangazi za mke wangu waliokuwa jirani wakapiga vigelegele kabla hata hajashuka.

Hakuniambia mimi. Alimwambia binti yake, nami nimesimama hatua nne kutoka hapo, macho chini.

"Umwambie mukwe wangu, gari yake ilinibeba miye nikiwa mugonjwa. Leo nimeiletea viatu."

Akatoa pia boksi mbili zinazong'aa. Fre, alisema, za mbele na za nyuma, mpya kabisa.

Lazima nieleze kidogo. Kwetu mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali kwenye sahani moja, na wakiwa na neno, neno hupitia kwa mke. Vijana wa leo wameanza kulegeza, utamkuta mtu anacheka na mama mkwe wake mbele ya kioski kana kwamba ni shemeji. Mimi sikulegeza. Nilijivunia sana jambo hilo. Akipanda jeep yangu anaketi nyuma, nami ninageuza kile kioo cha katikati kitazame paa, macho yetu yasije yakakutana humo. Abiria walinicheka, na mimi niliwaona hawana adabu. Ukoo wa mke wangu walikuwa wakinitaja mpaka vijijini: mkwe mwenye heshima, mtu wa shule lakini hakupotea.

Na zawadi ya mama mkwe huigeuzi-geuzi kama unachagua mhogo sokoni. Unapokea kwa mikono miwili, unainama, unashukuru, na unaitumia yeye akiwa anaona. Nikapokea, nikainama. Jinsi nilivyoinama, pua yangu ilikuwa karibu na mpira wa juu, na nilisikia harufu ya dawa ya viatu. Si mfano wa maneno. Ilikuwa dawa nyeusi ya kupaka viatu, na ilibaki kwenye vidole vyangu.

Kesho yake asubuhi alitaka kuona zawadi yake ikivaliwa. Alikuja na mke wangu kwenye uwanja wa fundi, akapewa kiti kivulini, akakaa na mkoba mapajani kama mtu aliyekuja kuona ubatizo. Fundi akafungua boksi. Akatoa garnitire moja, akaipima mkononi, akaniangalia. Kisha akageuka kuupa mgongo ule upande wa kiti, akapitisha kisu. Unga ukamwagika kwenye kiganja chake, mwingi, rangi ya majivu. Akaushika mpira, akaufungua mfereji kwa vidole gumba viwili. Chini ya mfereji nikaona nyuzi. Mipira ile ilikuwa imekwisha zamani, mtu akachukua kisu cha moto akaichonga mifereji mipya, akaipaka dawa ing'ae. Zile tarakimu nne zilikuwa zimekwanguliwa.

Fundi akanisemesha kwa Kizimba, lugha yetu sisi wawili, kwa sauti ya chini, maana mama mkwe ni Mubangubangu na Kizimba hakisikii.

"Mwalimu, hii si fre, ni mkate. Mwambie mke wako amwambie mama yake."

"Hapana," nikasema.

"Basi nitamwambia mimi. Mimi si mkwe wake."

"Ukimwambia, mimi na wewe tumeachana leo."

"Heshima si utumwa," akasema, na akachukua ufunguo wa kufungulia magurudumu.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa naogopa nini hasa. Mama yule anajulikana Salamabila nzima kwa jicho lake la biashara, hauziwi samaki aliyeoza hata gizani. Kumwambia kwamba wamemuuzia takataka, pale uwanjani, mbele ya watu, niliona ni kama kumvua nguo. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Sababu mbaya ni kwamba nilipenda kusifiwa. Nikajituliza: atalala siku mbili, ataondoka, nami nitavivua kimyakimya na kufunga vile vya chini ya gunia, nani atajua.

Ilipofungwa gurudumu la mwisho, mke wangu akaja kwangu anacheka kwa furaha.

"Baba watoto, mama anasema kesho twende wote Kabambare, kwa matanga ya kaka yake mukubwa. Anataka afike na viatu vyake."

Ningeweza kusema gari ina ugonjwa mwingine. Ningeweza kusema nina homa, au mkurugenzi wa shule amenizuia. Haya yote nimeyafikiria baadaye. Siku ile sikufikiria hata moja, nilikuwa namwogopa mtu ambaye sijawahi hata kumtazama usoni. Nikasema ndiyo, twende.

Tuliondoka asubuhi baada ya ukungu kupanda. Mbele nilikaa na gunia la mchele, maana mke wangu alipenda kukaa nyuma na mama yake, mtoto wetu wa mwisho magotini. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea, na mimi nikaanza kumsema fundi moyoni mwangu kwamba ni mtu wa kutisha watu bure. Barabara yetu ina wema mmoja, matope yake yanakusimamishia gari bila kuombwa. Lakini kabla ya kufika mto Luama kuna vilima, na siku hiyo vilima vilikuwa vimekauka.

Kwenye mteremko wa kwanza nilisikia harufu, kama pembe ya mbuzi inayoungua. Kwenye wa pili, kelele ya chuma juu ya chuma. Nikaendelea kushuka. Wa tatu ni mrefu, unashuka hadi kijito chenye daraja la magogo, na pale katikati mguu wangu ukazama mpaka chini kabisa, na chini hapakuwa na kitu. Ngozi zilikuwa zimebanduka.

Nikashusha gia, gari ikapiga kelele lakini haikupungua vya kutosha. Nikavuta fre ya mkono, ikaja yote kama kamba isiyofungwa popote. Mpira wa nyuma kushoto ukapasuka. Nakumbuka nilifungua kinywa nimwambie mama mkwe ashike chuma cha kiti, na maneno hayakutoka. Miaka kumi sijamsemesha moja kwa moja, na hata pale, tunakwenda kufa, ulimi wangu ulikuwa unamtafuta mke wangu wa kupitishia neno.

"Shika mutoto!" Ndicho nilichopata kusema.

Nikauacha mteremko, nikaielekeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa kuume, ikausugua, ikapanda, ikainama, ikazimika ndani ya matete. Vumbi likatuingia lote. Kisha mtoto akaanza kulia, na sijapata kuisikia sauti nzuri kama ile. Alikuwa amejipiga mdomo kwenye chuma, midomo inatoka damu, jino moja limelegea. Mke wangu alikuwa amemkumbatia kwa nguvu kiasi kwamba ilibidi nimfungue mikono kidole kwa kidole.

Tukakaa kwenye nyasi. Mama mkwe alikuwa amepotewa na kitambaa chake cha kichwa, nikaangalia pembeni. Alipopata pumzi akamwambia binti yake, "Umuulize. Ni vile vitu nilileta?"

Mke wangu akaniangalia, lakini mimi sikungoja hata arudie swali. Nilijibu upesi, kama mwanafunzi anayejua.

"Umwambie mama hapana. Ni barabara, jiwe limekata mpira. Umwambie, kama haikuwa fre yake, tungekufa wote."

Kama haikuwa fre yake. Hakuna aliyeniomba kuongeza hilo. Neno hapana lingetosha kwa uongo, lakini mimi nilitaka uongo wenye sukari. Mama mkwe akafunika uso kwa mikono akalia, akamshukuru Mungu, akasema kumbe pesa yake haikupotea, kumbe imeokoa mjukuu. Mke wangu naye akalia. Nikaenda kusimama nyuma ya gari, nikijifanya naangalia mpira.

Mama mkwe akaendelea kwa pikipiki iliyopita hadi kwenye matanga, na nyingine ikawarudisha mke wangu na mtoto Kasongo. Mimi nikapanda kilimani palipo na mtandao, nikampigia fundi, naye akaja alasiri, nyuma ya pikipiki ana vile vitu vya chini ya gunia na mipira yangu ya zamani ya mbele. Alifunga garnitire zetu na mipira yetu pale pale njiani, mshahara haujafika bado. Hakunisema. Alikusanya vipande vya ule mkate akavitupa kwenye matete, akanawa mikono kijitoni, akarudi zake. Tangu siku hiyo jeep yangu inasimama ninapoiambia. Nyumbani nilisema mipira ya mama ilikatwa na mawe, na mke wangu alisikitika kidogo, halafu maisha yakaendelea.

Yaliendelea hadi siku mke wangu aliponiletea simu nikiwa nasahihisha madaftari. Ilikuwa sauti ya mama yake, ujumbe aliotuma. Alikuwa ametoka Bukavu. Alikuwa amepita tena kwenye lile duka. Kaka ya mke wangu, shemeji yangu, anaendesha gari Salamabila hadi Kabambare, inajaa wachimbaji na wake zao na watoto, na wengine wanakaa juu ya mizigo. Mama alikuwa amemnunulia mipira na fre zile zile. "Nilimusikilizisha ile habari yenu," alisema mama katika simu, "namna fre yangu iliwaokoa, naye akafurahi, Jumamosi atafunga."

"Mama anatupenda," mke wangu akasema.

Ilikuwa Alhamisi. Nilimpigia shemeji, simu haikuita. Akiwa njiani hakuna mtandao. Kumpigia mama mwenyewe, sijawahi, hata namba yake sina, iko kwa mke wangu. Na kumwambia mke wangu ampigie maana yake ni kumwambia mke wangu. Niliketi mbele ya ugali wa jioni mpaka ukapoa. Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nimefika mahali ambapo kifo kingewaumbua watu wengine, watu nisiowajua, waliokaa juu ya mizigo. Nikasema nina kazi ya mitihani Kabambare. Uongo tena, lakini huo ulikuwa mdogo, haukunichosha.

Pikipiki ilinichukua siku mbili, Ijumaa na Jumamosi. Nililala Kabambare kwa mwalimu mwenzangu, alfajiri tukaondoka tena, na njia nzima nilikuwa namhimiza dereva hadi akaniuliza kama nina mgonjwa. Tulipoingia Salamabila jua lilikuwa limesimama. Nikaiona gari ya shemeji mbele ya nyumba ya mama, imepandishwa juu ya mawe, magurudumu chini. Shemeji amelala chini yake. Kando, kwenye kiti, mkoba mapajani, mama mkwe.

Nilitembea moja kwa moja mpaka mbele ya kile kiti. Sikuangalia chini.

"Mama," nikasema, "hizo fre wasifunge. Ziko mbaya. Mipira pia. Ndizo zilituangusha."

Shemeji akatoka chini ya gari anacheka, maana mimi na yeye tumezoea kutaniana. "He! Mwalimu ametoka Kasongo juu ya wivu? Mama alinipatia mipya, weye yako ilishazeeka!"

Nikachukua garnitire moja kutoka kwenye boksi, nikaomba kisu, nikaikwaruza mbele yao wote. Nikawaonyesha nyuzi chini ya mfereji. Nilieleza kila kitu kama niko darasani. Mama mkwe alisikiliza bila kukatiza. Mikono yake haikuondoka kwenye mkoba.

"Ulijua lini?" akauliza. Aliniuliza mimi, si kupitia kwa mtu.

"Siku ile fundi alikuwa anafunga."

"Mbele ya kuondoka Kasongo."

"Ndiyo, mama."

"Mutoto wangu alikuwa ndani. Mujukuu wangu alikuwa mu magoti yake."

"Ni heshima, mama. Sikutaka upate haya."

Akainua uso. Ndiyo mara ya kwanza niliuona uso wake wote. Una macho ya mke wangu, hilo sikulijua.

"Miye nilidanganywa na mutu wa duka," akasema. "Hanijui, simujui. Weye, nani alikudanganya?"

Akamwambia mwanawe arudishe zile za zamani, gari isitoke leo wala kesho. Kisha akafungua mkoba akatoa simu, akapiga, akaiweka sikioni. Nikamsikia anamsalimu mke wangu, anamuuliza kama mtoto amekula, na kama lile jino limekaza. Akangoja jibu.

"Bon. Ukae chini," akamwambia. "Iko neno bwana yako anataka kukuambia."

Akanyoosha mkono, akanipa simu.